Boksi la Pili la Bilinganya

Watu wa ofisini wana majina yao rasmi, yamebandikwa milangoni na kuning'inizwa shingoni kwenye vitambulisho. Lakini ukishuka chini, kwenye dirisha la chakula lililotobolewa katika ukuta wa ukumbi wa kuingilia, majina hayo hayana kazi. Pale mtu ni kile anachokula. Mwanasheria wa ghorofa za kati, yule mwanamke ambaye mahakimu wenyewe humwogopa, pale dirishani ni Mchicha-na-Jibini. Mhasibu mkuu ni Adesi-Bila-Kitunguu, na hata akishuka na suti mpya bado ni Adesi-Bila-Kitunguu. Kuna wakala wa bima anayeitwa Kila Kitu, kwa sababu akiulizwa awekewe nini hujibu hivyo hivyo, na akishawekewa hufungua kifuniko na kuchungulia asije akawa amepunjwa.

Aliyewabatiza wote hao ni dada wa dirishani. Hakukusudia ubaya, ndivyo kichwa chake kilivyozoea kuwapanga. Yeye na kaka yake ndio wenye jiko, na jiko lenyewe lina pande mbili zisizofanana hata kidogo. Kaka alipika miaka mingi katika hoteli ya Mgiriki mmoja, akatoka huko na bilinganya za kuchoma, dengu za kusaga na ufuta, bajia zenye kotmiri nyingi, mikate bapa inayovimba kama mto wa kulalia, na mapenzi ya kupita kiasi kwa mafuta ya zeituni. Dada alikulia mlango kwa mlango na mama mmoja wa Kihindi, akajifunza kukaanga bizari nzima mpaka zirukeruke kwenye kikaango, kupika adesi za njano, mchicha wenye vipande vya jibini, na kuku aliyelazwa kwenye mtindi tangu jana yake. Walipofungua biashara hawakukubaliana wauze chakula cha nani, wakauza vyote. Watu wakazoea kuchukua nusu huku, nusu kule, ndani ya boksi moja, na mchuzi wa Kihindi ukivuka mpaka na kuingia kwenye saladi ya Mgiriki, hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwa kusimama pale dirishani kila mchana, dada alikuwa amejua siri za jengo zima bila kuuliza mtu. Adesi-Bila-Kitunguu akiomba wali mtupu na mtindi, ujue ama tumbo limemchachamaa au wakaguzi wako njiani. Mtu wa kubana matumizi akiongeza halua, kapandishwa cheo. Na mtu aliyezoea boksi moja akianza kuchukua mawili, hapo hakuna cha kubahatisha: amepata mwenzake.

Ndiyo maana siku Bilinganya alipoomba maboksi mawili, dada alihisi kama mtu amemkanyaga kidole cha mguu.

Bilinganya alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, ofisi yake huko juu kabisa. Mtu mzima, mvi zimeshaanza kumpigia hodi masikioni, penseli haimtoki nyuma ya sikio, naye hupapasa mifuko yote akiitafuta. Tangu dirisha lifunguliwe hakuwahi kula kingine: bilinganya ya kuchoma yenye ufuta, adesi kidogo pembeni, nusu mkate. Kwamba hana mke, dada aliligundua kwa elimu yake ya dirishani. Mwenye mke hali kitu kile kile mwaka mzima bila kuambiwa abadilishe.

Dada naye aliwahi kuolewa. Ndoa ilivunjika bila kelele, kila mtu akachukua sufuria zake, na tangu hapo alijiambia mambo hayo yamempita, sasa ni kazi tu. Lakini ukweli usemwe: alimpenda Bilinganya. Alimpenda kwa ule upole wake wa kusubiri bila kugonga kidirisha kwa funguo, na kwa namna alivyosema, "Asante kwa mkono wako," kila siku, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza amepewa chakula duniani. Hakumwambia mtu. Kaka yake alijua tu, maana boksi la Bilinganya lilikuwa halifungiki kifuniko.

Mazungumzo yao marefu kuliko yote yalikuwa haya. Siku moja foleni ilikatika kidogo, Bilinganya akauliza, "Na wewe unakula saa ngapi?"

"Mimi?" dada akacheka. "Nikimaliza kuwalisha nyinyi."

Bilinganya akaitikia kwa kichwa, amekaza uso kama mtu aliyepewa miadi na daktari, akaondoka. Dada akasahau palepale.

Haikupita muda mrefu, ndipo likaja hilo la maboksi mawili.

"La pili liwe na nini?" dada aliuliza, amejikaza kisabuni.

Bilinganya alipapasa sikio, akaikuta penseli, akaiacha. "Chochote kizuri. Wewe ndiye unayejua."

Hata hajui mwenziwe anapenda nini, dada aliwaza, na tayari anamnunulia chakula. Akamtazama akiondoka na maboksi yake mawili, moja juu ya jingine, akiyabeba kwa mikono yote miwili kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai, mpaka nguzo kubwa ya ukumbi ikamziba.

Siku ile ya kwanza alijitahidi kuwa mstaarabu. Aliweka kuku, akaweka wali wenye hiliki, akapamba na tango. Hata kotmiri alinyunyiza. Lakini jioni alipokuwa akisugua masufuria, yule mwanamke wa boksi la pili akaanza kumjia kichwani, na kadiri alivyosugua ndivyo mwanamke alivyozidi kupendeza. Akapata kucha ndefu. Akapata viatu vya kisigino na ofisi yenye kapeti, na sauti ya kusema, "Aa, mimi wali sili." Mpaka masufuria yanang'aa, dada alikuwa amemchukia mtu ambaye hajazaliwa.

Kesho yake Bilinganya akaomba mawili tena, na dada akaongeza pilipili kidogo kwenye la pili. Kidogo tu, ya kumfanya mtu anywe maji. Siku iliyofuata akaongeza nyingine. Kisha akaanza kutumia zile mbichi, nyembamba, zenye hasira, akazikatakata na kuzificha chini ya wali, mahali ambapo mlaji hukutana nazo akiwa ameshajiachia. Alijua anafanya dhambi ya kipishi. Kila boksi alipolifunga alijiapiza kwamba ndilo la mwisho, na kila Bilinganya aliposema "mawili," mkono wake ukaenda wenyewe.

Kaka yake alikuwa akigeuza mikate kwenye tanuri lakini macho yako kwenye meza ya dada.

"Mdogo wangu, hapo unapika au unalipa kisasi?"

"Mwenyewe anapenda kali."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe mwenye boksi. Kaka, geuza mikate, inaungua."

"Mikate yangu haijawahi kuungua," kaka alisema, akageuka, na mkate mmoja ulikuwa umeshakuwa mweusi pembeni.

Kilichomkera dada zaidi ni kwamba Bilinganya hakuwa na uso wa mtu mwenye raha. Mtu aliyepata mwenzake huwa na kiburi kidogo, hupiga hata mluzi. Huyu alichukua maboksi yake, akashukuru, kisha akaganda dirishani kama mwenye neno, mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa. Mara moja alijaribu kabisa. "Hili la pili, dada," alisema, "nilikuwa nataka..."

"Najua ni la nani, bwana," dada alimkata, na ulimi wake wa kumtoa nyoka pangoni ulikuwa tayari. "Mwenyewe na ashibe salama. Anayefuata!"

Bilinganya akachukua maboksi yake. Akaenda zake, nguzo ikamziba, na dada akamwekea Kila Kitu mchuzi mpaka ukamwagika.

Asubuhi moja, dada akiwa anakata vitunguu na kaka anakanda unga, mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa mlinzi wa mlango mkubwa, ambaye jengo zima humwita Afande ingawa hajawahi kuwa askari. Mtu wa miraba minne, shati limembana tumboni. Kofia ameishika mkononi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada," alisema, "nisaidie mtindi kidogo. Hata wa jana."

"Una nini, Afande?"

"Tumbo linawaka. Tangu jana mchana nahema moto." Akakaa juu ya gunia la vitunguu bila kukaribishwa. "Na nikuulize kitu kimoja, unijibu kama dada yangu. Mimi nimekukosea nini?"

Dada akaacha kisu. "Unikosee nini? Mimi na wewe hatuna neno."

"Kama hatuna neno, mbona unataka kuniua? Siku ya kwanza ulinipa kuku mtamu, nikasema Mungu ambariki huyu mtoto. Ya pili nikatokwa jasho, nikasema si neno. Jana, dada! Jana nimekaa pale mlangoni machozi yananitoka, mkurugenzi wa benki anapita ananiambia pole kwa msiba. Nimeitikia, nimesema ahsante. Ningesemaje?"

Kaka alikuwa ameacha kukanda.

"Afande," dada alisema polepole, "mimi sijakupa chakula."

"Boksi si lako? Wali si wako? Zile pilipili ulizozilaza chini ya wali kama watoto waliolala, si zako?"

"Boksi umepewa na nani?"

"Na yule mchoraji wa juu. Mwenye penseli." Afande alipokea bakuli la mtindi kutoka kwa kaka na kumeza vijiko kadhaa kabla ya kuendelea, na dada alitamani kumnyang'anya. "Kila siku anachukua maboksi mawili, anakuja kusimama pale nyuma ya nguzo. Amesimama tu, chakula mkononi, halafu hali. Nikamuuliza, bwana, mbona huendi kukaa? Akaniambia anakusubiri wewe."

"Ananisubiri mimi!"

"Anasema ulimwambia utakula ukimaliza kuwalisha watu. Basi anasubiri uwamalize. Wewe huwamalizi. Muda wake unakwisha, hataki chakula kiharibike, ananipa mimi hilo lako anapanda lifti. Kesho yake, vilevile." Akalamba kijiko. "Mimi nimenenepa, sikatai. Lakini sasa nakonda."

Dada hakuwa na pa kukaa kwa sababu gunia lilikuwa limekaliwa, akaegemea sinki. Kwanza alipatwa na aibu, aibu ya kweli, ya kuanzia miguuni. Halafu chini ya aibu ikaja furaha, na furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu, mpaka akashindwa ashike uso au ashike kifua. Kaka yake alikuwa amejiinamia juu ya unga, mabega yanatikisika.

"Yaani," kaka alisema alipopata pumzi, "umekaa hapa siku zote hizi unalitilia pilipili boksi lako mwenyewe!"

"Nyamaza, kaka."

"Na mtu wa watu ananunua kwako akulishe wewe! Sijawahi kusikia. Nyinyi mmekutana hasa."

"Kaka, nimesema nyamaza!" Lakini alikuwa anacheka, na macho yamemjaa maji, na vitunguu vilikuwepo vya kusingiziwa.

Afande hakucheka. Alikuwa anatazama chini ya bakuli. "Sasa dada, kuna jambo jingine. Pengine nimekuharibia."

"Umenifanyaje?"

"Jana nilipozidiwa, alipokuwa anashuka jioni nikamwambia. Nikamwambia, bwana, huyo unayemsubiri anakuchukia. Chakula chake hakiliki. Akaniuliza, kali kiasi gani? Nikamwambia, kali ya kumfukuza mtu." Afande alikuna shingo. "Akasema, 'Basi amejua ni lake, na hilo ndilo jibu.' Akatoka nje na mvua ile, hata mwavuli hakufungua."

Kicheko cha jikoni kikakatika. Kaka akarudi kwenye unga wake na kuukanda taratibu, kwa heshima, kama mtu aliye karibu na mgonjwa. Dada akachukua kisu, akakata kitunguu ambacho kilikuwa kimeshakatwa.

Mchana ulipofika, alikuwa roho juu juu. Dirisha lilifunguliwa, foleni ikajipanga kama kawaida kutoka kwenye kaunta mpaka karibu na lifti, na dada akachapa kazi akiwa hayupo. Adesi-Bila-Kitunguu alipata vitunguu, akavitazama kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Mchicha-na-Jibini aliambiwa, "Asante, kaka." Shingo ya dada ilikuwa inajinyoosha kila lifti ilipolia. Kama hatashuka, aliwaza, nitafanyaje? Siwezi kupanda kule juu na aproni, nikamtafute mtu nisiyejua hata jina lake la kuzaliwa. Aliwajua watu wa jengo zima kwa matumbo yao, na huyu mmoja angeweza kumpotea hivi hivi, kwa kuhamia tu kwenye dirisha la barabara ya pili. Na lilikuwepo dirisha la barabara ya pili, nalo lilikuwa na bilinganya.

Lifti ikalia, akatoka. Akaingia kwenye foleni, mtu wa mwisho, mikono mifukoni. Hakutazama dirishani hata mara moja. Dada alimhesabu akisogea mtu kwa mtu, na alipofika mbele, maneno yote aliyokuwa ameyapanga tangu asubuhi, mengine mazuri kabisa, yalimtoka kichwani.

"Moja tu leo, dada," Bilinganya alisema, anaongea na kaunta. "Kama kawaida."

"Na la pili?"

"La pili nimeacha. Samahani kwa usumbufu wote."

Dada akafungua mdomo. Nyuma ya Bilinganya alikuwepo Mchicha-na-Jibini, amerudi kudai jibini iliyosahauliwa, nyuma yake Kila Kitu, na nyuma ya Kila Kitu ofisi nzima ya bima, wote wanamtazama. Mwanamke aliyeweza kumjibu mtu yeyote, kwa lolote, wakati wowote, alisimama tu ameshika upawa. Kupitia kile kidirisha angesema nini? Kila alichowahi kumwambia kupitia pale kilikuwa ni bei, au utani, au "anayefuata." Akaona wazi kwamba akisema tena kupitia pale, kitageuka kuwa utani.

Akaweka upawa chini, akafungua aproni.

"Kaka, njoo usimame hapa."

"Nisimame vipi, na mikate iko motoni?"

"Iache iungue."

Kaka alimtazama, akamtazama mtu aliyekuwa dirishani, akafuta mikono. Katika maisha yao ya jikoni hakuwahi kuambiwa aache mikate iungue, na hakuuliza mara mbili.

Dada akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kwenye mapipa ya taka, akazunguka jengo, akaingia kwa mlango mkubwa. Afande alisimama akampigia saluti. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Siku zote aliuona umekatwa na fremu, kipande cha sakafu na vifua vya watu; sasa aliona taa za darini, na viatu vya wateja wake, na mbele kabisa mgongo wa Bilinganya ukiwa umeinama kidogo. Akaenda moja kwa moja kule mbele.

"Dada, foleni inaanzia kule!" Kila Kitu alimzuia kwa mkono.

Dada akageuka. Mtu aliyemlisha kila siku ya kazi alikuwa anamwangalia bila kumtambua. Hakuna hata mmoja aliyemtambua. Walimjua kuanzia kifuani kwenda juu, na kitambaa kichwani, na upawa mkononi. Huyu mwenye sketi na ndala za jikoni alikuwa mgeni anayeruka foleni. Siku nyingine angempa Kila Kitu jibu la kumtosha mwezi mzima. Leo alisema tu, "Samahani," akaenda kusimama mwisho, karibu na lifti, nyuma ya kijana wa kompyuta mwenye vipokea sauti masikioni.

Kule dirishani kaka alikuwa anajitahidi. "Haya, wewe wa mbele. Nikuwekee nini?"

Bilinganya alikuwa ameona aproni ikivuliwa na mwanamke akitoweka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliinua macho na kumtafuta. Alichungulia ndani ya jiko. Akatazama mlangoni. Kisha akageuka nyuma, akafuata foleni kwa macho mtu baada ya mtu, mpaka mwisho, na huko mwisho dada alikuwa amesimama mikono imemning'inia, hajui aiweke wapi.

Bilinganya akatoka kwenye nafasi yake.

"Bwana, ukitoka hapo hurudi!" Mchicha-na-Jibini alimwonya kwa sauti yake ya mahakamani.

"Sawa," Bilinganya alisema.

Akatembea urefu wote wa foleni na watu wakigeuza shingo, akaja kusimama nyuma ya dada. Kwa karibu alikuwa mrefu zaidi, na alinukia karatasi.

"Zile pilipili," dada akaanza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka, "hazikuwa zako. Wala sikujua ni boksi langu. Nilidhani una mtu huko juu."

"Huko juu kuna meza tu. Na taa moja inayowaka na kuzima."

"Sasa mimi ningejuaje? Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasema kila siku."

"Kwa maboksi! Maboksi yanasema, bwana? Mtu gani anakuja kununua chakula kwa mpishi ili amlishe huyo huyo mpishi? Umeona wapi?"

Bilinganya alifikiri sana, kama ilivyo desturi yake. "Nilitaka kukununulia chakula kizuri," alisema. "Nikatafuta mji mzima. Kizuri kuliko chako sikukiona."

Dada akageuza uso upande wa lifti, maana ulikuwa unafanya mambo yake wenyewe. Alikuwa amesifiwa chakula na watu wengi, na sifa zote hizo alizizoea. Hii iliingia mahali pengine.

"Basi leo tuanze upya," Bilinganya alisema. "Unapenda nini wewe?"

Lilikuwa ni swali lake, swali analowauliza watu kutwa nzima. Dada akafungua mdomo ajibu, na jibu halikuwepo. Alijua mwanasheria anapenda nini. Alijua mkurugenzi wa benki hula nini akiwa na hasira, na kijana huyu wa kompyuta hula nini mshahara ukichelewa. Yeye mwenyewe alikula akiwa wima kando ya sinki, ukoko wa wali, pembe za mikate iliyoungua, chochote kilichoshika chini ya sufuria, na alifanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujiuliza.

"Sijui," alisema. Likamchoma. "Kweli kabisa, sijui ninachopenda."

Hakucheka, Bilinganya. Wala hakumwonea huruma ile ya kuudhi. Alinyoosha shingo akatazama ubao mkubwa uliokuwa juu ya dirisha, wenye vyakula vyote vya pande mbili, maandishi ya kaka yaliyolala upande. Dada naye akautazama. Alikuwa hajawahi kuusoma akiwa upande huu.

"Adesi zako," Bilinganya alisema, "umewahi kuzila zikiwa za moto? Umekaa?"

"Kukaa? Hapana."

"Na bilinganya?"

"Ya kaka huwa naonja chumvi tu."

"Hapo kuna kazi," Bilinganya alisema, na dada aliona kwamba mtu huyu, kumbe, ana tabasamu. "Itabidi tuanzie juu tushuke, kimoja kimoja."

Foleni ikasogea. Kijana wa kompyuta akasonga mbele, nafasi ikabaki wazi, na wao hawakuijaza, kwa sababu dada alikuwa anamweleza habari ya mama yule wa Kihindi na bizari zinazoruka, na Bilinganya alikuwa amesahau kutafuta penseli yake. Kule mbele kaka alikuwa akipiga kelele kwamba ana mikono miwili tu. Harufu ya mkate ulioungua ilijaa ukumbini, na hakuna aliyejali.

Mlango wa lifti ukafunguka, akatoka karani mmoja mbio mbio, faili kwapani, anaangalia saa.

"Samahani, nyinyi mko kwenye foleni?"

"Tupo," Bilinganya alisema, "lakini pita tu, sisi hatuna haraka." Akasogea kando kumpisha, na dada wa dirishani akasogea pamoja naye.